Milimita Moja ya ECG na Mshipa Ulioziba

Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, milimita moja ni kijisanduku kidogo cha waridi, chembamba kuliko punje ya mchele. Ubishi wa madaktari wa dharura umekaa humo. Mgonjwa wa maumivu ya kifua akipimwa, na ile sehemu ya mstari iitwayo ST ikawa imepanda milimita moja katika vipimo viwili vinavyopakana (kila kipimo huutazama moyo kutoka upande wake), mshipa wake wa moyo huhesabiwa umeziba na mbio za kuufungua zinaanza. Kwa V2 na V3, vipimo vya vibandiko vya kifuani vinavyotazama mbele ya moyo, kizingiti kiko juu zaidi: milimita 2 kwa mwanamume aliyefika miaka 40, 2.5 kwa aliye chini ya hapo, 1.5 kwa mwanamke. Asiyefika hapo huwekwa kando asubiri majibu ya troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia.

Mwaka 2018 madaktari watatu wa Marekani, Stephen Smith, Pendell Meyers na Scott Weingart, walipendekeza kigezo hicho kiachwe. Swali, walisema, liwe kama mshipa umeziba, si mstari umepanda kiasi gani. Hoja yao ina uzito. Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba karibu robo ya wagonjwa wa kundi la kusubiri walikutwa na mshipa ulioziba kabisa walipoingizwa katheta, mrija mwembamba wa kuukagua na kuufungua mshipa. Walikuwa wakipoteza msuli wa moyo huku wameambiwa watulie.

Na mara nyingi karatasi huwa imeshasema. Mwaka 1982 Hein Wellens na wenzake huko Uholanzi walieleza mawimbi ya T (kilima kinachofuata ST) yaliyopinduka katika V2 na V3 kwa mgonjwa ambaye maumivu yameshapoa. Huyu ndiye anayenitia hofu kuliko wote, kwa sababu anaonekana mzima: ameketi kitandani, anauliza kama atapata matatu ya kurudi Umoja. Kumbe mshipa mkubwa wa mbele umefunguka kwa muda tu. Mwaka 2008 Robbert de Winter naye alieleza sura nyingine, ambapo ST inashuka badala ya kupanda, kisha wimbi la T linachomoza refu lenye ncha. Mshipa umeziba, lakini anayetafuta mstari uliopanda anaweza kupita bila kuona kitu. Halafu kuna ukuta wa nyuma wa moyo. ST ikishuka kuanzia V1 hadi V4, huenda unatazama mshtuko wa moyo wa ukuta huo kama kwenye kioo, kinyumenyume. Hamisha vibandiko hadi mgongoni, V7 hadi V9, na hapo nusu milimita iliyopanda inatosha. Hili halihitaji hata shilingi ya ziada, ila mtu akumbuke kumgeuza mgonjwa.

Upande wa pili, wa wanaoshikilia milimita, nao si wa kupuuzwa, hasa hapa Nairobi. Presha ni ugonjwa wa kila mtaa, na moyo ulionenepa kuta kwa presha ya miaka mingi huandika karatasi ya kutisha: ST imepanda V1 hadi V3, imeshuka upande wa kushoto, na hakuna mshipa ulioziba. Tena vijana wetu wenye afya njema, wanaume hasa, wengi wana ST iliyopanda kwa maumbile tu. Mwambie afisa wa kliniki aliye peke yake saa tisa usiku atazame sura asihesabu, na utakuwa umemnyang'anya rula bila kumpa jicho. Milimita hufundishwa kwa siku moja. Sura hutaka mamia ya karatasi na mtu wa kukusahihisha.

Kubwa zaidi ni tiba inayofuata. Smith anafanya kazi Minneapolis, na akikosea, mgonjwa ameingizwa katheta bila sababu, jambo lenye hatari, lakini ndogo. Nairobi vyumba vya katheta vipo, katika Hospitali ya Kenyatta na kwenye hospitali kubwa za binafsi, ila wagonjwa wengi hupokewa mahali pengine kwanza. Kama hatafikishwa penye katheta na mshipa kufunguliwa ndani ya dakika 120, miongozo inataka apewe dawa ya kuyeyusha donge la damu. Dawa hiyo huokoa maisha, na takriban mtu mmoja katika kila 100 huvuja damu kwenye ubongo. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 1994, yenye wagonjwa zaidi ya 58,000, yaliona faida kwa wenye ST iliyopanda, na hayakuiona kwa wenye ST iliyoshuka. Kwa hiyo anayeshikilia milimita huku kwetu hashikilii ukale.

Kwangu mimi, ubishi huu umechanganya maswali mawili: nani aitiwe bingwa wa moyo, na nani achomwe dawa. La kwanza lijibiwe kwa sura. Mgonjwa mwenye karatasi ya de Winter katika hospitali ya Eastlands aitiwe ambulensi sasa hivi, kabla ya troponini, na picha ya karatasi imfikie bingwa kwa simu. (Ipigwe wima na kwenye mwanga. Picha iliyoinama hula milimita.) La pili, la dawa, libaki na masharti yake makali, na anayetaka kuyavuka avuke pamoja na bingwa, si peke yake. Programu za akili unde za kusoma picha hizo zimeshakuja na zitasaidia, ila neno "kawaida" linalochapishwa na mashine juu ya karatasi limeshawatuliza watu wasiostahili kutulia.

Bado yote hayo yanamhusu aliyepimwa. Miongozo inataka ECG ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aonwe, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini mama mwenye kisukari anayelalamika uchovu, kichefuchefu na pumzi fupi huambiwa ni gesi, hupewa dawa ya asidi na kurudishwa kwenye benchi. Hakuna kigezo, cha zamani wala kipya, kinachosoma karatasi ambayo haikutolewa.

Kuna pia lile ambalo pande zote mbili zinakubaliana na tunalifanya kwa uvivu: kupima tena. Maumivu yakiendelea, ECG irudiwe kila dakika 15 hadi 30, kwa maana mshipa huziba na kufunguka, na wimbi la T lililovimba saa mbili linaweza kuwa ST iliyopanda saa mbili u nusu. Karatasi zote ziandikwe saa. Na mgonjwa akihamishwa, ile ya kwanza kabisa isibaki kwenye faili. Mhudumu wa ambulensi apewe mkononi.