Tuleteeni afisa ajira kwenye kata

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi Mvumi, aligonga mlango wangu hapa Nkuhungu, Dodoma, saa moja asubuhi akiwa na bahasha ya kaki mkononi na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Usiku ule alikuwa ameliona jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili kwa nafasi ya msaidizi wa kumbukumbu, kazi aliyoisomea miaka miwili na kuiomba mara nne, na usaili wenyewe ulikuwa kesho yake. Tangazo liliwaagiza wasailiwa waingie kwenye akaunti zao za mfumo wa mtandao wa kuombea kazi za Serikali na kunakili namba ya mtihani, kwa kuwa namba hizo hazitatolewa siku ya usaili. Akaunti yake hakuweza kuifungua.

“Mjomba, nywila aliiweka yule kaka wa steshenari,” aliniambia, akaimwaga bahasha mezani. Ndani kulikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na cheti cha kuzaliwa, nakala zote zimegongwa muhuri wa wakili, na katikati yake kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka kwenye daftari la mauzo. Anwani ya barua pepe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya buluu na ilisomeka vizuri. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa penseli, tena pale pale kwenye mkunjo, na karatasi ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kiasi kwamba herufi za mwisho zilikuwa zimebaki kivuli kijivu. Tulijaribu kukisia mpaka mfumo ukatuzuia. Tukaomba nywila mpya, tukaambiwa imetumwa kwenye barua pepe. Tukaenda kufungua barua pepe, nayo ikataka tarakimu zilizotumwa kwenye simu. Na namba ya simu iliyoonyeshwa, ambayo tuliona tarakimu zake mbili za mwisho tu, haikuwa ya mpwa wangu. Ilikuwa ya kijana wa steshenari.

Tulikwenda kwenye kibanda hicho kwa bodaboda. Kijana aliacha kazi tangu mwezi wa nne na kuelekea Geita kutafuta maisha, na namba yake ilikuwa haipatikani. Kesho yake usaili ulifanyika bila mpwa wangu.

Sitaki kumlaani kijana yule. Alifanya kazi aliyolipwa kuifanya, shilingi elfu tano kwa kufungua akaunti, kuskani vyeti na kutuma maombi, na siku hiyo alikuwa na foleni ya watu kumi na tano mlangoni kwa sababu dirisha la maombi lilikuwa linafungwa usiku. Alitumia namba yake mwenyewe kwa sababu simu ya mpwa wangu ilikuwa imeishiwa chaji na yeye alitaka kumaliza. Ninachotaka kusema ni kwamba kijana yule alikuwa anafanya kazi ya afisa ajira bila kuwa afisa ajira, bila mafunzo, bila kiapo cha kutunza taarifa za watu, na bila mtu wa kumuuliza pale mambo yanapoharibika. Katika kata nyingi za Dodoma leo, mtu pekee anayeketi na mtafuta kazi ana kwa ana na kuzipitia karatasi zake moja baada ya nyingine ni mwenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala.

Nchi hii haikukusudia iwe hivyo. Tunayo Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya mwaka 1999, ambayo inazungumzia kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, kutoa ushauri wa kazi, kukusanya taarifa za soko la ajira na kuyaangalia makundi yenye mahitaji maalumu. Mwaka 2008 ilianzishwa Wakala wa Huduma za Ajira, ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa jina la TaESA, na kupitia huduma hizo wapo wahitimu waliopelekwa kwenye utarajali na kujifunza jinsi ya kuandika wasifu na kukabili mahojiano. Shirika la Kazi Duniani lilishaweka msimamo tangu mwaka 1948, kwenye Mkataba wake Namba 88, kwamba huduma ya ajira ya umma iwepo na itolewe bure. Neno hilo “bure” ndilo linaloniuma kila ninapopita mbele ya vibanda vile na kuona binti akihesabu noti za elfu moja moja ili aombe kazi ya Serikali, katika jiji ambalo ndilo makao makuu ya Serikali.

Ninakiri, na sikiri kwa furaha, kwamba mfumo wa maombi kwa njia ya mtandao umetuondolea mateso makubwa. Ninazikumbuka bahasha za posta tulizozituma bila kujua kama zilifika, na ninawakumbuka vijana waliouza mbuzi wa nyumbani ili wapate nauli ya kwenda Dar es Salaam kuwasilisha barua kwa mkono. Walimu walipofanyiwa usaili katika mikoa waliyomo, Januari 2025, familia nyingi zilipumua. Lakini mfumo hauwezi kumwona mtu. Mfumo unapokea au unakataa, na yule aliyekataliwa anarudi kibandani kulipa tena bila kujua kosa lake.

Jirani yangu ni mfano ulio karibu. Ameendesha malori ya mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam kwa miaka tisa, ana leseni yenye madaraja yote mawili ya C na E, na hajawahi kusababisha ajali. Ameomba nafasi ya dereva daraja la pili mara tatu na mara zote jina lake halikutokea. Jioni moja aliniletea simu yake nimsaidie kusoma tangazo, na tulipofika kwenye sifa za mwombaji nikamwonyesha mstari ambao upo karibu kwenye kila tangazo la udereva serikalini, unaotaka mwombaji awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji wa magari yanayotolewa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Hakuwa nayo. Alikuwa anadhani leseni inatosha. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza mafunzo hayo yanachukua muda gani, na nikaona kwenye uso wake hesabu ya mtu anayejumlisha miaka aliyoipoteza.

Hapo ndipo ninapoona pengo lenyewe, kwa sababu kumtafutia mtu kazi na kumwelekeza kwenye mafunzo ni jambo moja. Afisa ajira mwenye kujua kazi yake angemtazama jirani yangu siku ya kwanza na kumwambia: usiombe sasa, kwanza nenda VETA ukajiandikishe, ukimaliza rudi kwangu. Fundi mwashi wa Chang'ombe aliyejifunza kwa kushika ubao wa chokaa tangu akiwa na miaka kumi na sita angeambiwa kwamba VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, kwamba anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti bila kuanza upya darasani. Wangapi wanaujua utaratibu huo? Mimi mwenyewe niliusikia kwa bahati tu, kwenye mazungumzo ya msibani, kutoka kwa mzee aliyepata cheti chake cha useremala akiwa tayari ana wajukuu.

Binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Esta na cheti cha kidato cha nne kinasema Esther, huku kitambulisho cha taifa cha NIDA kikiwa na jina la babu badala ya la ukoo, angeambiwa mapema aende akashughulikie majina yake, wakati bado ana miezi ya kufanya hivyo. Sasa hivi anagundua saa tano usiku, dakika chache kabla dirisha halijafungwa, na anayemgundulia kosa hilo hana la kumshauri zaidi ya kumwambia “jaribu hivyo hivyo.” Aliyemaliza chuo akiwa na hati ya matokeo ya muda angeelezwa kwamba hati hizo hazipokelewi, asubiri cheti kamili. Haya ni mambo madogo, na kila moja linahitaji mtu mmoja mwenye uelewa, meza, viti viwili na nusu saa.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na ninaliandika nikimaanisha: kila kata iwe na afisa ajira, au walau kata mbili zigawane mmoja, mwenye siku zinazojulikana na zisizobadilika. Tayari tunalo jengo, maana ofisi ya mtendaji wa kata ipo. Tayari tumeukubali msingi wenyewe, maana kwelea kwelea wakivamia mtama na uwele wa Kongwa au Bahi, mkulima anajua kwamba kuna afisa kilimo wa kumkimbilia, anayelijua shamba lake na atakayeandika taarifa iende wilayani. Kuna afisa maendeleo ya jamii kwa ajili ya vikundi na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kijana anayetafuta kazi amebaki peke yake na simu yenye kioo kilichopasuka.

Afisa huyo asikae ofisini tu akingoja watu. Dodoma inajengwa. Kwa miaka hii tumeiona miradi yenyewe: barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, Mji wa Serikali pale Mtumba, reli ya kisasa iliyoanza kutuletea abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Kwenye mageti ya miradi ya namna hii nimewaona vijana wakisimama tangu kabla ya jua kuchomoza, wakitegemea macho ya msimamizi, na anayechukuliwa mara nyingi ni yule ambaye ndugu yake yupo ndani. Afisa ajira angekwenda getini mchana, akamuuliza mkandarasi anahitaji wachomeleaji wangapi na waendesha mitambo wangapi mwezi ujao, akarudi katani na orodha, akaibandika ukutani pale ambapo hata asiye na bando ataisoma. Mkandarasi naye angefaidika, kwa sababu angeletewa watu waliokwishaangaliwa vyeti na ujuzi wao.

Nimeambiwa na rafiki yangu anayefanya kazi kwenye halmashauri moja ya mkoa huu kwamba hoja yangu ni nzuri lakini fedha za mishahara hazipo. Ninalielewa hilo na silipuuzi. Hata hivyo gharama ya kukosekana kwa afisa huyo inalipwa kila siku, isipokuwa inalipwa na wale wasio nacho, kwa noti za elfu tano tano, kwa nauli za kwenda na kurudi mjini, na kwa nafasi zinazopotea kama ilivyopotea ya mpwa wangu. Na kama ajira mpya ni mzigo mzito kwa sasa, tuanze na watarajali. Jiji hili lina Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine kadhaa, lina wahitimu wa rasilimali watu, wa maendeleo ya jamii na wa teknolojia ya habari wanaokaa nyumbani wakitafuta mahali pa kujifunzia kazi. Wapelekwe kwenye ofisi za kata chini ya usimamizi wa afisa mmoja wa wilaya aliyefundishwa, waapishwe kutunza siri, na wao wenyewe wapate uzoefu ambao kila tangazo la kazi binafsi linaudai.

Kuhusu wale mawakala wa mitaani wanaodai “ada ya usajili” kwa ahadi ya kazi ya hoteli au ya ughaibuni, nitasema tu kwamba wanastawi pale ambapo ofisi ya umma haionekani.

Mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo huanza kukusanywa kwenye mitaa na vijiji miezi mingi kabla ya hapo. Nimekwisha kumwandikia mwenyekiti wetu wa mtaa nikiomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, na nimemwomba jirani yangu dereva aje aseme yaliyompata kwa kinywa chake mwenyewe. Amekubali. Mafunzo yake ameshayaulizia pia.

Mpwa wangu bado yuko hapa nyumbani. Akaunti ya zamani imeishikilia namba yake ya NIDA, kwa hiyo hawezi kufungua nyingine, na barua ya kuomba anwani ibadilishwe tumeituma na tunangoja majibu. Jumapili alifungua barua pepe mpya kwa simu yake, kwa namba yake, na nywila aliyoitunga mwenyewe, huku mimi nimeketi kando yake nikimwelekeza kwa mdomo bila kugusa kitu. Ilituchukua dakika kumi na mbili.