Eti kibatani kimoja tu

Hivi nani aliwaambia watu kuongeza batani kwenye sistimu ya kompyuta ni sawa na kuongeza chumvi kwenye mchuzi? Mteja wangu ana duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga, sistimu ya stoku niliyomwandikia inapiga kazi vizuri tu, Ijumaa jioni ndo najiandaa nishuke zangu Raskazone nikapunge upepo, mara meseji, "kaka niwekee kibatani cha kumrudishia mtu hela, kitu kidogo tu, kesho asubuhi nakitumia."

Kidogo!! Hicho kibatani kikibonyezwa stoku lazima ipande, mauzo ya siku yashuke, risiti ya mwanzo isiguswe maana kumbukumbu za kodi kisheria zinatunzwa miaka 5, sasa kama mtu alilipa kwa simu hela inarudi kwa njia gani, na nani anaruhusiwa kukibonyeza, maana ukiwaachia wauzaji wote duka litaliwa hadi shelfu. Intaneti ikikatika katikati je, irudishe mara mbili? Bado kutesti. Yaani kuandika programu yenyewe ndo sehemu fupi, muda unaishia kwenye kufikiria na kusoma ulichoandika mwaka jana ujue ukigusa hapa kule hakifi kitu.

Ukimtajia bei sasa, "aah, kwani si unakaa tu kwenye kiti?" Na mteja huyohuyo, fundi umeme akimhamishia swichi ukutani, analipa kimya kimya.

Halafu anamalizia, "ukija pitia na printa, inakwaruza."