Nosferatu Mpya Inahitaji Hofu Mpya

Filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau nchini Ujerumani mwaka 1922, ilinusurika chupuchupu kutoweka kabisa. Watayarishaji wake waliichukua bila ruhusa hadithi ya Bram Stoker kuhusu Dracula, vampaya (mfu anayeishi kwa kunyonya damu za watu), wakabadilisha majina ya wahusika, na mjane wa mwandishi huyo alipokwenda mahakamani, ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Kwa bahati, baadhi zilisalia. Filamu iliyozaliwa kwa namna hiyo haiwezi kulindwa isiguswe, na ndiyo maana siungani na wanaolalamika kila inapotengenezwa upya. Ninachomdai mwongozaji ni kimoja tu: atuoneshe hofu ambayo waliomtangulia hawakuifikia.

Werner Herzog alilipa deni hilo katika toleo lake la mwaka 1979. Klaus Kinski, anayeigiza vampaya, ana kipara na meno yaleyale ya mbele aliyokuwa nayo Max Schreck, vampaya wa Murnau, lakini nyuma ya sura hiyo yumo kiumbe aliyechoshwa na uhai usiokoma, anayeomba kupendwa lakini ananyimwa. Kisha kuna mandhari ya uwanja wa mji uliovamiwa na tauni, ambapo Isabelle Adjani anapita katikati ya watu wanaocheza na wengine walioketi mezani kula, panya wakiwazunguka miguuni, kwa sababu wanajua kwamba hawana siku nyingi. Hakuna kinachochomoza ghafla kumshtua mtazamaji, na bado sijaona mandhari ya tauni inayoogofya kuliko hiyo.

Toleo la Robert Eggers la mwaka 2024 lilizua mabishano mengi kuhusu masharubu ya Orlok, yule vampaya, anayeigizwa na Bill Skarsgård. Kwangu hilo ni jambo dogo. Uzito wa filamu uko kwa Ellen, mwanamke anayetamaniwa na vampaya huyo, anayeigizwa na Lily-Rose Depp. Murnau alimchora kama mke mwema anayejitoa mhanga. Eggers anaanza na msichana mpweke anayelilia mwenzi usiku, na anayeitikia ni vampaya. Kuanzia hapo hofu haiji kwa merikebu inayomleta vampaya mjini peke yake, bali imeshaishi miaka mingi ndani ya mwanamke ambaye mumewe anaipuuza ndoto yake na daktari anaagiza alale akiwa amefungwa vazi la kubana kiuno. Kizazi cha sasa kinamwelewa mwanamke huyo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, Eggers anamheshimu Murnau kupita kiasi mahali pengine. Mwaka 1922, kivuli cha mkono kilipanda juu ya kifua cha Ellen, kikakunja ngumi penye moyo, naye akajikunja kwa maumivu. Eggers anakitandaza kivuli cha mkono juu ya mji mzima. Ni picha nzuri sana, lakini haiumi.

Vilevile mwisho. Vampaya kuangamizwa na mwanga wa jua ni ubunifu wa filamu ya Murnau, kwani Dracula wa Stoker hutembea hata mchana. Herzog aliuacha mwanga umshinde vampaya wake, kisha akamfanya Jonathan, mume wa mwanamke anayeigizwa na Adjani, kuwa mrithi wa vampaya huyo anayeondoka juu ya farasi. Eggers aliirudia alfajiri ileile karibu kama alivyoikuta. Atakayefuata namsihi aiguse bila woga.