Mswaki wa bibi ulikaa kwenye mfuko wiki nzima

Naandika hii nikiwa na hasira bado, na nyingi ni ya kujikasirikia mwenyewe. Bibi yangu alivunjika nyonga akalazwa, wajukuu tukapangiana zamu, chakula kinaenda, shuka zinabadilishwa, anageuzwa ubavu asipate vidonda, yaani tulijiona tunauguza kweli kweli. Siku ya saba natafuta chanuo kwenye mfuko wake nakutana na mswaki, mpya, haujatolewa hata kwenye karatasi yake. Nikamwambia bibi hebu fungua mdomo. Ulimi umejaa utando mweupe, fizi nyekundu zimevimba, ukoga huo, na meno bandia ya juu hayajatoka tangu aingie wodini. Manesi hawakuuliza na sisi hatukuuliza. Siku mbili baadae homa, kikohozi, akapigwa picha ya kifua, nimonia.

Siwezi kuapa kwamba mdomo ndo uliomletea, mtu wa umri wake aliyelala kitandani siku zote hizo ana sababu nyingi za kupata nimonia. Ila nilivyoanza kusoma nikaishiwa nguvu.

Kupaliwa wote tunakujua, maji yanapita njia siyo unakohoa mpaka machozi. Sasa kuna kupaliwa kwingine kwa usiku hakuna kelele. Ukilala, mate kidogo yanateleza kwenda kwenye mapafu, na watu wazima wenye afya zao walipopimwa wakiwa usingizini karibu nusu yao ilikuwa inawatokea. Wewe mzima mapafu yako yanasafisha, asubuhi unaamka huna habari. Mzee aliyedhoofika, au aliyepata kiharusi hata kumeza kwake kwa shida, hakohoi vizuri kuyatoa. Na hayo mate siyo maji matupu, yanabeba kilichopo mdomoni, fizi zikiwa zinaoza basi ni bakteria kwa mamilioni. Mgonjwa mahututi wa ICU ndo mbaya zaidi, ukoga wake unaweza kuhamiwa na vijidudu vya hospitali vyenyewe, vile sugu.

Kuna utafiti wa Japani uliotoka 2002, nyumba 11 za kulelea wazee, miaka 2. Kundi moja walisafishwa mdomo na wahudumu baada ya kila mlo, wengine waliachwa na utaratibu wao wa kawaida. Waliosafishwa, asilimia 11 walipata nimonia. Wengine, asilimia 19. Kusafisha mdomo tu huko jamani! Alafu 2023 wakajumlisha majaribio 15 ya kupiga mswaki wagonjwa waliolazwa, nimonia za hospitalini zilipungua kama theluthi hivi, na faida ilionekana zaidi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Hayo meno bandia nayo, Japani hukohuko kuna utafiti mwingine uliofuatilia wazee wa miaka 85 kwenda juu, wanaolala nayo hatari yao ya nimonia ilikuwa kama mara mbili ya wanaoyatoa.

Ila nisiwatishe kupita kiasi. Kuna watu wanasambaza kwamba fizi mbovu zinaleta kila ugonjwa wa kifua, hapo mi nasita. Wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa wengi fizi zao mbaya ni kweli, lakini sigara inaharibu vyote viwili kwa mpigo, sasa nani kamsababisha nani. Pumu inaweza hata kwenda kinyume, dawa za kuvuta zinakausha mdomo na zile zenye steroidi zinaleta fangasi, ndo maana unaambiwa usukutue na uteme kila ukivuta.

Bibi alipona. Siku hizi namkalisha wima kwanza, simpigi mswaki akiwa chali maana hapo utampalia wewe mwenyewe, mswaki laini, dawa kidogo sana, fizi zikitoa damu siachi, naenda taratibu, alafu ulimi. Mwanzoni alinuna, akaniambia yeye sio mtoto. Sasa hivi ikifika usiku anayatoa mwenyewe meno yake kabla sijasema neno, ananikabidhi mkononi kama mtu anayesalimisha silaha, nayasugua nayatia kwenye bakuli la maji, anageukia ukutani analala.