Saladi ya kuku ya Dodoma ianze na zabibu zetu

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya rafu ya duka moja hapa mjini, nimeshika pakiti ya zabibu kavu, nikasoma mgongoni mwake: zimetoka ng'ambo. Nikaigeuza tena kama mtu ambaye hakuona vizuri. Hii ni Dodoma, mwezi wa tisa, na nje ya mlango wa duka hilo hilo akina mama wamekaa na mabeseni ya zabibu mbichi, wanashusha bei kila jua linavyopanda, kwa sababu wanajua zitakazobaki mpaka jioni zitaanza kuchacha. Niliirudisha ile pakiti mahali pake nikatoka. Tangu siku hiyo nina neno kuhusu saladi ya kuku, na naomba nilimalize.

Saladi ninayoisema ni ile laini, yenye mayonezi, nyama ya kuku iliyochambuliwa, zabibu kavu, na karanga au korosho. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, haikosekani kwenye semina, kikao wala harusi ya ukumbini. Bado wengi wanaiita chakula cha Wazungu. Wanachota kijiko kimoja, wanakiweka pembeni ya pilau, kinabaki hapo mpaka sahani inaondolewa. Mimi naamini hakuna mji Tanzania wenye haki ya kukifanya chakula hiki kuwa chake kuliko Dodoma. Zabibu tunalima. Karanga tunalima. Kuku wanatoka Singida, hapo tu jirani. Mtindi unauzwa kila mtaa. Hata korosho, ambazo zamani tulizisubiri zitoke Mtwara na Lindi, siku hizi watu wa Manyoni wanazipanda. Kinachotoka mbali ni chupa ya mayonezi, na hiyo nayo inaweza kupunguzwa sana.

Wala kuku na tunda kavu si ndoa ngeni kwetu. Nani hajala pilau au biriani ya Pwani akakutana na zabibu kavu katikati ya mchele? Waingereza wenyewe, mwaka 1953, Malkia Elizabeth II alipotawazwa, waliwaandalia wageni kuku wa baridi kwenye rojo la mayonezi na krimu lililotiwa bizari na tunda la aprikoti. Bizari waliijua kutoka India. Leo chakula hicho wanakiita cha kwao na kinauzwa madukani mwao ndani ya mkate. Walichukua walichokuwa nacho na walichokizoea, wakakipa jina. Sisi tuna vyote shambani, jina tu ndilo hatujakipa.

Tuanze na kuku. Kuku wa kisasa anaiva kwa nusu saa na nyama yake ni laini mno. Ukiichanganya na rojo, kesho yake imekuwa uji. Kuku wa kienyeji, hawa wanaoshushwa kwenye matenga kutoka Singida, nyama yake ina nyuzi na ladha yake haipotei hata ikimwagiwa ndimu na haradali. Nampika taratibu. Maji yasitokote kwa fujo, yawe yanachemka kidogo kidogo tu, pamoja na chumvi, tangawizi iliyopondwa, kitunguu kizima na punje za pilipili manga. Jogoo aliyekomaa anataka saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Akiiva simtoi, namwacha ndani ya supu yake mpaka niweze kumshika kwa mkono, maana nyama inayotolewa ikiwa ya moto inakauka haraka. Kisha naichambua kwa vidole nikifuata nyuzi zake. Kisu sikitumii kabisa hapa. Vipande vya kisu vina kuta laini na rojo linateleza juu yake, lakini nyuzi zilizochanwa kwa vidole zinalishika. Supu inanywewa asubuhi na chapati, ila kikombe kimoja nakiweka kando, nitasema cha nini.

Rojo langu ni mtindi zaidi kuliko mayonezi. Namimina lita moja ya mtindi kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa ndani ya chujio, chini kuna bakuli, naweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi maji yametoka, na kilichobaki kwenye kitambaa ni kizito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Kwa kuku mmoja natumia kikombe kimoja cha mtindi huo na vijiko vitatu vya mayonezi, basi. Mayonezi inaleta ule ulaini wa mafuta, mtindi unaleta uchachu unaokata utamu wa zabibu. Naongeza kijiko cha haradali, nusu kijiko cha bizari, ndimu na chumvi. Kitunguu nakikata chembamba, nakifikicha na chumvi na kukiosha kama cha kachumbari. Giligilani kidogo juu. Hayo mengine kila mtu na mdomo wake.

Kwenye karanga nitakaa zaidi, kwa sababu hapa hatuzungumzii ladha peke yake.

Mama mkwe wangu ni mwenyeji wa Mpunguzi, hapa hapa Dodoma. Mara ya kwanza aliponikuta nakaanga karanga za saladi, alinyoosha mkono akazima jiko. "Mwanangu, hizi umezichambua?" Nikamwambia nimeosha. Akazimimina zote kwenye ungo, akakaa chini karibu na mlango penye mwanga, akaanza kuzipitia moja moja. Zilizosinyaa akaweka kando. Zenye doa jeusi, kando. Moja aliipasua kwa kucha, ndani kulikuwa na kitu kama vumbi la kijani, akaninyooshea niione. Hakusema neno. Nusu kilo ile ilitoa kiganja kizima cha karanga mbovu, na zote alizichimbia shimo, hata kuku hakuwapa.

Alikuwa sahihi kuliko nilivyojua siku ile. Sumukuvu inatokana na ukungu unaopenda mahindi na karanga, hasa zilizopigwa na ukame shambani kisha zikahifadhiwa na unyevu, na ukame hapa Kanda ya Kati si mgeni. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuimalizi. Kuosha hakuiondoi. Kinachosaidia jikoni ni jicho na ungo: toa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, yenye uchungu. Ndiyo maana sinunui karanga zilizokwisha kusagwa au kukaangwa kama sijui nani alizichambua. Nanunua mbichi, nachambua mwenyewe, nakaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka ganda jekundu linaanza kupasuka, nazipeta zikipoa. Na siziingizi kwenye saladi mpaka dakika ya mwisho, zikilowa hazina maana tena.

Sasa zabibu.

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka: mwezi wa pili na wa tatu, halafu wa nane na wa tisa. Mavuno ya kwanza yanaangukia mvua, kukausha juani ni kubahatisha. Lakini haya ya pili yanakuja wakati mbingu ni nyeupe, upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa na nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Hali ya hewa gani nyingine tunaisubiri? Viwanda vya mvinyo vinachukua sehemu ya mavuno, haviwezi kuchukua zote, na zabibu haingoji mnunuzi. Ikikaushwa inangoja miezi.

Na kukausha si elimu ngeni kwa watu wa huku. Wagogo wamekuwa wakianika mlenda na majani ya kunde juu ya paa bapa la tembe, nyumba yao ya udongo, tangu zamani, ili kiangazi kikishika chungu kisikose mboga. Paa lile lile na jua lile lile vinatosha kwa zabibu. Unachagua vichala vilivyoiva hasa, unatoa zilizopasuka, unazichovya kwenye maji ya moto kwa sekunde chache ili ule utando wa nta kwenye ganda ulegee na maji ya ndani yapate njia ya kutoka, kisha unazitandaza kwenye kichanja cha wavu, juu unafunika chandarua kwa ajili ya nzi na vumbi. Kila siku unazigeuza, jioni unaziingiza ndani. Kwa wiki mbili au tatu zimekuwa kavu: ukiminya haitoi maji, inarudi umbo lake polepole. Kilo nne za mbichi zinatoa kama kilo moja.

Tatizo moja ni la kweli. Zabibu nyekundu ya Makutupora, ambayo imeenea mashambani kwetu, ina mbegu, na mbegu katikati ya saladi laini inakera. Hapo ndipo kile kikombe cha supu kinafanya kazi. Naipasha moto, naloweka ndani yake zabibu kavu kwa nusu saa, zinavimba, zinalegea, naminya kila moja kwa vidole viwili na mbegu inatoka. Kwa kiganja kimoja cha zabibu ni kazi ya dakika kumi. Kwa saladi ya harusi ya watu 200 ni kazi ya kutwa, sikatai. Ndiyo maana natamani kuona aina zisizo na mbegu zikienea kwa wakulima wadogo, na kituo cha utafiti wa zabibu tunacho hapo hapo Makutupora. Mpaka siku hiyo, kwa chakula cha nyumbani, dakika kumi nazitoa kwa moyo mmoja, kwa sababu zabibu iliyolowekwa kwenye supu ya kuku wake inaingia kwenye saladi ikiwa na ladha ambayo ile ya pakiti haina.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uchungu. Mwaka juzi tulialikwa kwenye sherehe katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Saladi ya kuku ilikuwa imeshawekwa mezani saa sita mchana, chini ya hema la turubai, na tulipakuliwa saa tisa. Binti yangu aliipenda, akarudia. Usiku huo tulikesha naye, anatapika mpaka hana cha kutapika. Saladi hii ina kuku aliyepikwa akapoa, ina mayonezi, ina mtindi. Vijidudu havihitaji karamu nyingine. Joto likipita nyuzi 32, na hapa kwetu mwezi wa kumi na wa kumi na moja hilo si jambo geni, saladi isikae nje ya friji zaidi ya saa moja. Wapishi wa kumbi wakiniuliza nitawaambia hivyo hivyo: ichanganyeni wageni wakiwa wameketi, bakuli likae juu ya barafu, mlete dogo, likiisha mlete jingine. Inawezekana. Soda za baridi mnaziweka kwenye barafu kila siku.

Mama mkwe alikuja Jumapili. Nilimpakulia ndani ya chapati iliyokunjwa, akala kimya, akatafuta mbegu kwa ulimi asiipate. Akauliza zabibu nimenunua wapi. Nikamwambia ni zake, zile alizoniletea mwezi wa nane kwenye ndoo nikasema ni nyingi mno. Leo asubuhi ametuma ndoo nyingine kwa bodaboda, kilo nane kwa mizani ya jirani. Ziko juu ya paa, chini ya chandarua, na kama upepo hautabadilika, mwezi ukiisha nitakuwa na kilo mbili.