Video ikimpanua mama wa mtu

Alikuja studio kwetu, jirani na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kaka mmoja kutoka Uyole. Alikuwa na klipu ya dakika nne kwenye simu: mama yake amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage huku akiwasimulia wajukuu habari za utoto wake. Mama huyo alikuwa ameshafariki. Familia ilitaka klipu iingie kwenye video ya kumbukumbu, ioneshwe kwenye televisheni siku ya kumaliza matanga, na picha ndogo ya msalaba ikae kwenye kona ya chini.

Nikaiona kazi ya nusu saa. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaiandikia FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za maandishi, `scale=1280:720`, yaani video iwe na upana wa pikseli 1280 na urefu wa 720, nikatazama matokeo kwenye kompyuta yangu. Yakawa sawa kabisa. Nikamwekea kwenye flashi, akaondoka.

Jioni simu ikaita. "Samahani kaka, ila huyu siyo mama."

Alikuwa ameichomeka flashi kwenye TV ya sebuleni. Mama aliyekuwa mwembamba alijaa skrini nzima, uso mfupi na mpana, mabega kama ya mtu mwingine. Mdogo wake wa kike alishindwa kutazama, akatoka nje.

Tangu siku ile nina msimamo ambao naurudia kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwetu: kuharibu umbo la mtu kwenye video ni kumkosea heshima, na wala si jambo dogo la kiufundi. Panda basi lolote linaloonesha nyimbo za kwaya njiani, kuanzia Mbeya hadi uteremke Kitonga, utaona waimbaji waliorekodiwa vizuri kabisa kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu wamevutwa upande mpaka wanafanana wote. Ukiuliza, utaambiwa watu hawatambui. Si kweli. Mtu anaitambua sura ya mama yake.

Sasa, kwa nini kwangu ilionekana sawa na kwake ikaharibika? Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Simu ikirekodi imesimama wima, mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, pikseli 1920 kwa 1080, halafu inaongeza maelezo kwamba mchezeshaji aigeuze digrii 90. Ukiipima kwa ffprobe, programu-ndugu ya FFmpeg ya kusoma vipimo vya video, utaona upana 1920 na urefu 1080, ukadhani ni video ya kulala. Maelezo ya mgeuzo yako chini zaidi, penye neno `rotation`, na wengi hawafiki huko. FFmpeg yenyewe huigeuza kabla ya kuipeleka kwenye filta, yaani hatua za kuibadilisha picha, kwa hiyo filta ya `scale` inapokea 1080 kwa 1920. Mimi nikailazimisha iwe 1280 kwa 720. Kila mtu aliyemo akawa mpana zaidi ya mara tatu kulinganisha na kimo chake.

Lakini filta hiyo haitupi uwiano wa awali wa upana na urefu. Inaandika ndani ya faili kwamba pikseli zake si za mraba, kwangu iliandika 81:256, ili mchezeshaji aibane picha irudi ilivyokuwa. Programu ya kuchezea video kwenye kompyuta yangu ilisoma maelezo hayo ikatii. TV ya yule kaka haikuyajali, ikachukulia kila pikseli ni mraba. Faili ni lilelile, macho mawili tofauti. Ndiyo maana siku hizi sikubali kazi kwa kuiona kwenye kompyuta peke yake. Tunayo TV ya zamani pale studio, na kila flashi inapita hapo kwanza.

Dawa yake ni kuacha picha ipungue kwa uwiano wake, halafu kuizungushia nafasi nyeusi ijaze fremu:

`scale=1280:720:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1280:720:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1`

Mama anakuwa na upana wa pikseli 405 katikati, urefu 720, na kushoto na kulia kuna weusi. Hiyo `setsar=1` ya mwisho inatamka kwamba pikseli ni za mraba, ili TV na kompyuta zione kitu kimoja. Ila angalia: ukiiweka baada ya `scale=1280:720` tupu, hujatibu kitu, umeueneza ugonjwa kwenye kila mchezeshaji. Wapo wanaojaza pembeni kwa picha ileile iliyofifishwa. Kwa harusi sawa. Kwa msiba mimi naona weusi una utulivu zaidi.

Msalaba nao ulikuwa na mambo yake. Picha aliyonipa ilikuwa ya JPEG, na JPEG haina uwazi, kwa hiyo msalaba unakuja na kiboksi cheupe nyuma yake. Hakuna kamandi ya kulisahihisha hilo vizuri kama kutafuta au kutengeneza PNG yenye mandharinyuma wazi. Kisha kuna suala la utaratibu. Filta zinafuatana kama watu kwenye foleni: ukiweka msalaba kwanza kisha ukapunguza video, msalaba unapungua pamoja nayo, na kwenye skrini unabaki doa. Punguza video, punguza msalaba, kila kimoja kivyake, ndipo uvikutanishe:

`ffmpeg -i mama.mp4 -i msalaba.png -filter_complex "[0:v]scale=1280:720:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1280:720:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1[a];[1:v]scale=160:-1[b];[a][b]overlay=W-w-30:H-h-30[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:a copy kumbukumbu.mp4`

Herufi kubwa W na H ni vipimo vya video, ndogo w na h ni vya picha inayowekwa juu. Ukizichanganya, picha inatoka nje ya fremu na hakuna kosa lolote litakaloandikwa. Utabaki unaitafuta.

Na ile `-map 0:a`, inayochukua sauti ya video, isikuponyoke. Ukishachagua `[v]` kwa `-map`, FFmpeg inachukua ulichochagua tu. Rasimu yangu ya pili ya kazi hii ilitoka bubu: sura ya mama imepona, sauti yake haipo. Nashukuru niliisikiliza kabla ya kumpa mtoto wake.

Kosa la namba witiri nitalipita haraka kwa sababu lenyewe linajieleza. Chukua video ya 854 kwa 480, iandikie `scale=1280:-1`, hesabu inatoa urefu wa 719, na kodeki ya H.264, yaani njia ya kuibana video, inagoma: `height not divisible by 2 (1280x719)`. Rangi kwenye video za kawaida huhifadhiwa kwa vikundi vya pikseli mbili kwa mbili, hivyo vipimo vinatakiwa vigawanyike kwa mbili. Andika `-2` badala ya `-1`, basi. Vivyo hivyo kwa anayeweka filta pamoja na `-c:v copy`: huwezi kubadilisha picha na papo hapo kusema inakiliwe kama ilivyo.

Kinachoniumiza ni vijana kurushiana kamandi kwenye makundi ya simu. Ikifika huko, alama za kunukuu zilizonyooka zinageuzwa kuwa za kupinda, kistari kinarefuka, na terminali haielewi tena. Kijana anafuta kila kitu, anaamini kompyuta yake ni mbovu. Wengine wanaongeza `-loop 1`, inayoirudia picha bila kikomo, mbele ya picha kwa sababu waliiona mahali, kazi inakesha na haimaliziki, faili linavimba mpaka diski ijae. Kwa picha moja juu ya video haihitajiki, kwani `overlay` yenyewe huirudia mpaka mwisho. Ukiwa na sababu ya kuitumia, ongeza `shortest=1` ndani ya `overlay`.

Pamoja na hayo yote siiachi FFmpeg. Mfaransa Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000, ni ya bure, na inakimbia kwenye kompyuta kuukuu ambazo programu za kuhariri zenye madirisha mengi zingezikwamisha. Kwa studio za huku kwetu Nyanda za Juu, hilo ni jambo kubwa. Inachodai ni subira ya kusoma maandishi inayoyatoa, hasa mistari ya mwisho, na kujaribu kwa sekunde kumi kwanza kwa `-t 10` kabla ya kuiachia dakika tisini za harusi. Umeme nao: ukikatika katikati, faili la MP4 halifunguki kabisa, maana fahirisi yake, orodha ya kuonesha kila kipande kiko wapi, huandikwa mwishoni. Kazi ndefu tunazitoa kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, ambayo hata ikikatika sehemu iliyokwisha inachezeka, kisha tunaihamishia MP4 kwa `-c copy` bila kupoteza ubora.

Yule kaka alirudi wiki iliyopita. Safari hii ameleta mkanda mdogo wa kamera, harusi ya wazazi wake, mama akiwa kijana. Nimeuingiza kwenye kompyuta na kabla ya kuandika filta yoyote nimeupima: 720 kwa 576, pikseli zake 16:15, picha za mistari ya kupishana, yaani kila picha imegawanywa mistari kwa zamu. Ukiziacha hivyo kwenye TV isiyosoma uwiano, safari hii bibi harusi angekondeana. Nimeanza na filta ya `yadif` kuunganisha mistari, halafu `scale=iw*sar:ih,setsar=1`, ikatoka 768 kwa 576. Sekunde kumi za kwanza zinacheza kwenye TV yetu ya zamani sasa hivi. Anaingia kanisani, na shingo yake ni ileile niliyoiona kwenye ile klipu ya mkekani.