Kliniki ya kisukari isisahau kinywa
Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu afya ya meno anasema jino lililooza haliishii kuwa shida ya kinywa, linamfuata mtu hadi kwenye kisukari na moyo. Nakubaliana naye, ila kwa kisukari angeongeza kwamba mambo huenda pande zote mbili: sukari ikiwa juu, fizi hushika maambukizi upesi na vidonda huchelewa kupona; na fizi zikivimba muda mrefu, insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) nayo hufanya kazi kwa shida na sukari inagoma kushuka. Hili nimeliona kwa mama yangu mzazi. Miaka miwili anaongezewa vidonge na kuambiwa hafuati masharti ya mlo, kumbe nyumbani anatafunia upande mmoja, usiku anabana karafuu kwenye gego, na asubuhi mswaki una damu. Ugali wa dona na maharage vikamshinda, akahamia chai ya maziwa na mkate laini, vitu vile vile alivyokatazwa! Kliniki walimpima presha, uzito, hata nyayo za miguu. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Mwishowe, kwa daktari wa meno, aling'olewa magego mawili, akasafishwa ugaga (uchafu mgumu ulioganda kwenye meno), na baada ya miezi mitatu sukari yake ikashuka bila kuongezewa dawa. Na mwenye mtoto aliyewahi kubadilishiwa valvu ya moyo (kilango kinachopitisha damu), tafadhali amwambie daktari wa meno kabla jino halijaguswa, maana bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kutua pale. Huko kwenu, mgonjwa wa kisukari hukaguliwa fizi kama anavyokaguliwa miguu?